Nambari Arobaini na Moja

Kasha la mvule liko nyuma ya madhabahu, Mbweni.
Kitasa chake kimeliwa na chumvi tangu sijaajiriwa.
Ndani, niliambiwa, mna daftari la walioletwa:
waliotolewa ngamani, pingu zikakatwa ufukweni,
wakapewa kiwanja, ubatizo, na jina lisilo lao.

Jumanne akaja Eufrasia Chimbwete kutoka Fumba,
na mfuko wa plastiki, na swali moja:
"Bibi yake bibi yangu aliitwa nani
kabla hajaitwa Agnesi?"

Mie karani tu. Naandika stakabadhi, nafagia mavi ya popo.
Nikamwita fundi Vuai wa Mwanakwerekwe,
akaja na vespa yake, na mafuta ya taa kwenye chupa ya soda.
Saa nzima alikibembeleza kile kitasa kama mtoto mwenye homa.
Kilipolegea, akarudi nyuma hatua mbili.
"Kitasa kazi yangu. Kitabu, la. Mie si wa kukifungua."
Eufrasia akanitazama, nami nikamtazama.
Hakuna aliyenyoosha mkono.

Ndipo nilipomkumbuka Yohana,
naye mtu wa kisiwani, bahari imemzunguka pande zote,
naye mbele ya kitabu kilichofungwa, mihuri saba,
na juu hakuna, na chini hakuna, na chini ya chini hakuna.
Akalia. Si chozi la adabu;
alilia hadi kamasi, nadhani,
kama mtu aliyeambiwa kuwa yaliyompata hayatasomwa kamwe.

Malaika alikuwa amenadi. Na sisi huku twaijua sauti ya mnada.
Pale Mkunazini dalali alipaza: nani ana zaidi? nani ana zaidi?
Akawafunua watu midomo, akahesabu meno,
akawapaka mafuta ya nazi ngozi ing'ae,
na penye kovu akafunika kwa kitambaa,
maana kovu hushusha bei.

Malaika hakuuliza nani ana zaidi.
Aliuliza nani anastahili.
Wenye bendera, kimya. Wenye mihuri yao wenyewe, kimya.

Kisha: nyamaza, Simba keshashinda.
Simba yule aliyetajwa na Yakobo kitandani,
pumzi zikimwisha, wanawe wamemzunguka.
Yohana akageuka atafute manyoya, atafute kucha,
akaona Mwanakondoo.
Amesimama. Alama ya kisu ingali shingoni.

Yule yule wa Isaya, asiyelia mbele ya mwenye mkasi.
Unabii hukaa hivyo, kama karafuu chini ya mkeka:
hauonekani, ila nyumba nzima yanukia.

Hapo hesabu ya dalali ikapinduka.
Kovu halikushusha bei. Kovu ndilo bei.
Alinunua watu (neno lile lile, kununua,
lililotuuma vizazi vitano),
akanunua Myao, akanunua Mmakua, akanunua Mmanyema,
wala hakumwandika hata mmoja kuwa mali.

Mwisho nilinyoosha mkono mimi. Si kwa kustahili;
Eufrasia alikuwa akitetemeka.
Mchwa walishatutangulia. Kurasa zilitoka unga.
Mstari mmoja ulisalia, wino wa kahawia:
Na. 41. Mwanamke. Kovu bega la kushoto. Jina lake
na tundu.

Alilisoma lile tundu muda mrefu.
Akatia kidole humo, taratibu,
kikatokea upande wa pili.

"Kipo kingine," nilisema, "kisichoingia mchwa."
"Najua. Lakini nilitaka kulisikia kwa masikio haya."

Sikuwa na la kuongeza.
Vuai akauliza, nikufungieni tena? Nikasema la.
Akachukua elfu saba zake, akatia kitasa mfukoni.

Kasha sasa liko wazi.
Kila asubuhi nalifuta vumbi, natamka kwa sauti:
nambari arobaini na moja.
Kisha nanyamaza kidogo,
nimpishe Mwenye kulijua jina alitaje.