Mwenda Pole

Mnajimu Dattopant alikunjua cheti cha nyota za baba,
karatasi iliyoliwa na mende kwenye pembe ya Mirihi,
akaweka ukucha pale Mwezi ulipoandikwa,
akanyamaza kama daktari.
Kisha: Zohali ameketi hapa.
Haondoki kabla ya miaka saba na nusu.

Dawa si kidonge, akasema. Dawa ni jina lake mwenyewe,
mara elfu ishirini na tatu,
kuanzia Jumamosi, mafuta ya ufuta kwenye kibakuli cha chuma,
na wali wa kunguru dirishani, maana kunguru ndiye kipando chake.

Om Sham Shanaishcharaya namaha.
Maana yake, baba alinieleza, ni aendaye taratibu.
Nikacheka kimoyomoyo: mwenda pole hajikwai,
ila anachokikanyaga
hukikanyaga kwa muda mrefu.

Baba alizoea kuhesabu kwa pingili,
gumba likipanda na kushuka,
tatu kwa kidole, kumi na mbili kwa mkono.
Lakini mashine ya kukereza chuma
ilimchukua vidole viwili vya kulia mwezi wa Machi,
na kiwanda kikachukua kilichosalia: kazi.
Usiku wa kwanza nilimsikia ng'ambo ya ukuta
akifika sita na kukwama,
gumba likipapasa mahali pasipokuwapo.

Mama akaenda soko la Kolhapur kununua tasbihi,
punje mia na nane,
akabishania rupia kumi, akazipata.

Mimi ni karani kwenye ghala la sukari guru.
Nilipiga hesabu nyuma ya risiti:
mizunguko mia mbili na kumi na mitatu,
na mara nne zinazidi.
Hizo nne ni za nani? nikamwuliza.
Ziache, akasema. Kuna usiku nitasinzia.

Kinywa chake, tangu nikijue,
kilikuwa na maneno ya aina mbili: vipimo na matusi.
Wiki ya kwanza alilisoma jina kama mtu anayelipa deni
kwa sarafu ndogondogo, kwa hasira.
Sijui ni lini sauti ilishuka.
Najua tu kwamba asubuhi moja, nikipima magurudumu ya sukari,
mkono wangu ulikuwa ukiandika kwa pumzi yake.

Siku ya arobaini na moja homa ilimlaza.
Kwenye daftari, mistari mia mbili na kumi na miwili.
Mama alinitazama, hakuomba.
Nikaishika tasbihi, mimi nisiyeamini hata utabiri wa mvua,
nikaanza: Om Cham...
Kitandani, macho yamefumbwa, baba akasema:
Sh, Kumudini. Sh.
Kama unambembeleza mtoto alale.

Nikasoma hivyo hadi punje ya mwisho.

Kiwanda hakikufungua lango.
Kidole hakiotí tena kama tawi la mkwaju.
Dattopant alichukua ada yake na boga moja.
Baba sasa ananoa visu uani, kwa mkono wa kushoto,
na visu vinakata.

Zile nne za ziada?
Mbili nilivipa vidole, kila kimoja yake,
kwa sauti, usiku uleule.
Mbili bado ninazo.
Jumamosi foleni ya malori inapokataa kusonga
nahisi ya kwanza ikinijia kwenye meno,
sh,
naimeza tena.