Ushindi Yupi?

Alhamisi ni siku ya chanjo hapa Bwera.
Nafungua daftari, napasha kalamu kwa pumzi,
naita: "Ushindi!"
Wanainuka akina mama saba kwa pamoja,
benchi linapinduka upande mmoja
linamwaga bibi aliyejia jino lake tu.

Ushindi yupi?
Ushindi wa Karambi. Ushindi wa Isango.
Ushindi aliyevuka mpaka alfajiri mgongoni, bado amelala.
Ushindi pacha wa Ushindi:
baba yao alikataa kuchagua nani ashindwe.

Sisi tulihesabiwa tu.
Masika, Biira, Kabugho, Mbambu,
kisha mimi, Ithungu, binti wa tano.
Jina kama kigoda: unazaliwa, unakikuta,
unakaa.
Halikunidai chochote.
Hawa, shingo haijakaza, wameshakopeshwa.

"Huyu kashinda nini?" nilimtania mmoja.
"Kanishinda mimi," akasema.
"Siku mbili leba, kisha akatanguliza miguu."
Nikanyamaza, nikaandika.

Na siwacheki, nisieleweke vibaya.
Mto Lhubiriha ukichukua mahindi hauachi risiti.
Mtu hana kiwanja, hana mbuzi,
atamwachia nini mtoto?
Neno. Halina uzito,
halitozwi ushuru pale Mpondwe,
na ukiliita jioni, uji unatokota,
majirani wote wanasikia umeshinda.

Wa mwisho kwenye foleni ni msichana
mwenye leso ya kijani, ncha zimetafunwa.
"Jina la mtoto?"
"Biira."
"Biira nani?"
"Biira. Basi."

Kwetu Biira ni wa pili.
Anayejua kuhesabu hamuulizi mama
wa kwanza yuko wapi.
Mimi sina haja ya kuuliza:
ukurasa wa Machi, mwaka jana, mstari wa tisa,
nimeukata mwenyewe kwa rula, wino mwekundu,
na chini ya wino jina bado linasomeka,
herufi saba, mwandiko wangu,
mzuri, wa siku ambayo sikuwa na haraka.

Anaona ninapotazama.
Hasemi. Anafungua leso,
tunamtundika mtoto kwenye mzani
naye anarusha teke, anaukojolea mkono wangu.
Kilo tatu na robo.

"Biira," naandika, taratibu.
Nafuta mkono kwenye sketi.
Mlangoni wameingia wengine, wamechelewa, wanahema.
"Jina?"
Wawili wanajibu kwa mpigo.