Herufi Iliyokwama

Mugalim Burulcha alikufa Jumanne,
wiki ambayo theluji ya Chong-Tash
huanza kujiuliza kama iondoke.
Kaka alipiga simu. Akasema, "Ni yeye."
Hakutaja jina, nami sikuuliza.

Koti lake lilikuwa na vifungo vitano,
vinne vyeusi, na kimoja cha kijani
alichokiokota sakafuni mwa darasa mwaka niliozaliwa.
Alisubiri mwenyewe ajitokeze.
Hakujitokeza. Akakishona.
"Akija," alisema, "atakikuta mahali pa wazi."

Alimtangulia jogoo. Tulipofika,
kope zimeganda, pua hazina habari na sisi,
jiko lilikuwa limeshakula nusu gunia
la samadi kavu aliyoibeba mgongoni,
na wino, uliolala barafu chupani,
alikuwa ameupasha kwapani mwake
kama kifaranga aliyeachwa na mama.
Hata leo nikinusa moshi wa samadi
nanyoosha mgongo, natafuta kalamu.

Hakuwa malaika, msinipambie.
Alikuwa mkali kwa mkia wa herufi,
aliimba vibaya na hakujua,
na siku Temirbek alipoiba jibini yake
alimkatia kipande kingine, kisha hesabu arobaini:
"Mwizi aliyeshiba hana kisingizio cha kukosea."

Mimi nilikuwa na kigugumizi.
Herufi nyingine zilipita, lakini B
ilisimama mlangoni mwa midomo
kama punda aliyeona daraja.
Nyumbani walinimalizia sentensi.
Walinimalizia kwa upendo, asubuhi na jioni,
hadi nikabaki na nusu za maneno
zikinijaa mfukoni kama maganda.

Yeye hakunimalizia.
Aliniita nisome, akaweka chaki mezani,
akakaa. Akatazama dirisha.
Darasa zima lilisikia samadi ikivunjika jikoni.
Jyldyz alipocheka, hakumgombeza;
alimwambia tu, "Hesabu pumzi zako, mwanangu,
mwenzako anapanda mlima."
Nikapanda. B, b, b,
dakika nzima, labda mbili,
ng'ombe wa mtu akapita nje akarudi,
"bahati," nikasema.
Naye: "Ndiyo. Endelea,"
kana kwamba hakuna kilichotokea.

Kwetu wanawake hawaendi makaburini.
Wanaume waliubeba mwili wakapanda nao kilima,
sisi tukabaki ndani ya hema la sufu,
nyuso zimeelekea ukuta, tukiomboleza kwa zamu.
Koti lilining'inia kwenye nguzo,
kifungo cha kijani kikitazama mlango.
Desturi inadai: aliyefiwa amtaje marehemu kwa jina,
ndipo kilio kifuate.

Zamu ikanifikia.
Nina miaka hamsini na moja.
Natangaza treni kwenye stesheni ya Bishkek,
na kila siku B zote hunitii,
huondoka kwa wakati, hurudi kwa wakati.
Nikafungua mdomo.
Bu
Bu

Hakuna aliyenimalizia.
Wanawake thelathini na ushei, na kila mmoja
aliwahi kukalia benchi lile lenye mguu mfupi.
Jyldyz, mwenye mvi sasa, alikuwa akihesabu pumzi;
niliyaona mabega yake.
Jikoni samadi ikavunjika.
Nje, ng'ombe wa mtu.

Nami
sikuharakisha.