Mkono Mtupu

Umeme ulikatika saa mbili na robo, Magomeni,
cherehani ikafia katikati ya pindo la suruali ya mtu,
na Havijawa akachomoa karata kwenye kopo la vifungo.
"Leo poka," akasema.
"Wahedi wa sitini unacheza kama unachagua mchele."

Miaka kumi na moja aligawa karata katika kasino moja ya mjini,
kizibao cheusi, kucha fupi,
na kila akiondoka mezani anageuza viganja
ili kamera zione hakubeba kitu.
Sasa anapiga pasi nguo za watu,
lakini vidole havijasahau:
mbili zilinijia zikiteleza, kifudifudi,
kama wageni wasiotaka kutaja majina.

Vifungo vikawa fedha.
Cheupe cha shati, mia.
Cheusi cha koti, elfu.
Kile cha shaba, kimoja tu, cha sare ya mteja wa bandarini,
kisiguswe, akasema Ngwali, kina mwenyewe.
(Kiliguswa saa nne kasorobo.)

Wawili hutoa kabla ya kuona kitu.
Ndio vipofu, mdogo na mkubwa.
Nikauliza, mtu atoeje pesa gizani?
Wakacheka.
"Kwani kodi ya chumba wewe unailipaje?"

Kisha tatu mezani, za watu wote,
kisha moja, kisha moja.
Katika saba unachagua tano,
na kila hatua unaulizwa:
unapita, unafuata, unapandisha, au unalaza?
Jibu la tano hakuna. Nililitafuta.

Jozi ni wawili wanaofanana, basi.
Tatu sawa zinaipiga jozi mbili, usibishe.
Ngazi ni tano zinazofuatana bila kuruka,
rangi moja ni kopa tupu, au shupaza tupu, nayo inaishinda ngazi,
na nyumba iliyojaa, watatu chumbani wawili sebuleni,
"hiyo unaijua," Havijawa akasema, "umezaliwa humo."
Nne sawa sikuziona.
Ngazi ya rangi moja yeye mwenyewe aliiona mara mbili,
na mara zote mbili
mwenye nayo aliomba maji.

Nikapata ree mbili. Nikatabasamu.
Wote wakalaza.
Nikavuna vifungo viwili vyeupe
na kipande cha chaki kilichojichanganya.
"Uso wako dirisha halina pazia."

Basi nikajifunza kuwaza pindo.
Sindano inaingia, inatoka, inaingia.
Saba ya uru, mbili ya pau, hazina undugu wowote,
na mezani hakuna wa kunisaidia;
Ngwali kaweka shaba, anajikuna sikio,
sikio lile lile alilojikuna juzi
akimwapia mteja kwamba koti liko tayari.
Mkono mtupu haulambwi, mama alinifunza.
Sindano inaingia, inatoka.
Nikasukuma vyeusi vyote.

Kimya. Mbu. Jenereta la duka la dawa.
Akalaza.

"Usimwonyeshe," Havijawa akaninong'oneza,
"hajalipia kuona."
Zikarudi kwenye rundo kifudifudi, saba na mbili,
na asubuhi kifungo cha shaba
nikakishona mahali pake kwa uzi maradufu.

Alhamisi akaja mwenye nyumba, Mzee Mkopi.
Anataka ya miezi sita, yote, kwa mkupuo.
Mimi ninayo ya miwili na nusu.
Yuko mtu, akasema, anakitaka chumba,
kesho analeta fedha taslimu.
Akagusa kofia yake.
Hata leo angeleta, akasema.
Akaigusa tena.

Nikalaza viganja juu ya meza ya kukatia.
"Mitatu," nikasema,
na nikawaza pindo.