Makabidhiano ya Asubuhi

Dada Nyanjige, zamu ni yako sasa.
Kitanda cha kwanza hadi cha nne, wamelala.
Cha tano hakulala. Alihesabu taa za mitumbwi dirishani,
akafika mia na saba, akaja kunigusa bega
(sikuwa nimelala, nilifumba macho tu)
kuniambia moja imezimika.
Tulitoka kibarazani tukaitafuta.
Nimeandika hivyohivyo kwenye daftari:
mgonjwa na muuguzi walitafuta taa.
Daktari akicheka, mwache acheke.

Funguo hizi. Vidonge nimehesabu mara mbili.
Blanketi imepungua moja, nitakueleza.

Sasa droo ya chini, ile inayokwama:
ivute huku unaiinua. Mna kamba.
Usiitupe.

Ni ya nailoni, ya bluu, ya kuvutia nyavu,
inanuka dagaa mpaka leo.
Aliileta Mama Sayi wa Kayenze
mwaka jana, mvua za vuli zikipiga mawe haya,
mwanawe Lugembe akiwa ncha moja
na yeye ncha ya pili,
nyuma ya pikapu ya kubebea barafu.

Nilikuwa na maneno tayari. Unayajua,
haki za mgonjwa, ukurasa wa kwanza.
Halafu nikaviona viganja vya mama,
vimechubuka kuliko vifundo vya mtoto,
na maneno yakarudi yalikotoka.
Nikachota maji ya uvuguvugu.
Nikaosha mikono minne.

Alisema bila kuulizwa:
kwamba Lugembe alikuwa akiingia ziwani saa nane za usiku
na nguo zake zote, anaitwa;
kwamba mbuzi wawili walikwenda kwa mganga, kisha baiskeli;
kwamba kamba ilikuwa ndefu ya kumfikisha mlangoni
apate upepo,
isimfikishe majini.
“Nilipima kwa hatua zangu,” alisema.
Fomu yetu haina mstari wa kuandika hilo.

Alipona? Usiulize hivyo.
Uliza kama amelala, kama amekula.
Alikaa wiki sita, akarudi kuanika dagaa,
na kila mwezi akaja kwa sindano, na mama,
na kifuko ambacho kanuni zinakataza
na ambacho mimi na wewe tulikaanga.

Mwezi wa nne hawakuja.
Usiku ulikuwa wa giza, dagaa wakajaa,
nani angeiacha neema aje kukaa foleni?
Nilipiga simu mara mbili, ikapokelewa na jirani.
Mara ya tatu sikupiga. Hilo ni langu.

Jana saa sita na robo usiku geti likagongwa.
Lugembe, miguu mitupu,
anabishana na mtu asiyekuwepo
kwa Kisukuma cha adabu kabisa.
Na mama kamshika kidole.
Si mkono, Dada. Kidole kimoja, cha shahada.
Kutoka Kayenze mpaka hapa.

Nikachungulia nyuma yake, kwa mazoea.
Akaona ninachokitafuta.
“Ile si unayo wewe?” akasema. “Nilisahau kuidai.”
Tukacheka vibaya, kwa sauti,
mpaka mlinzi akaja na tochi.

Kwa hiyo cha tano ndiye yeye.
Sindano amepata saa saba.
Taa iliyozimika, anasema, ni ya baba yake.
Usibishane naye juu ya hilo kabla ya uji.
Hata baada ya uji.

Mama yuko kwenye benchi la nje, na blanketi ndiyo hiyo.
Akiamka, mwambie mwangaluka kabla ya neno lingine.
Chai kwanza, fomu baadaye.
Habari ya mwezi wa nne mweleze taratibu,
kama unavyomtoa mtu mwiba.
Akiidai kamba, mpe, ni mali yake,
nyavu zina kazi.
Asipoidai,
droo ile inakwama, wewe unaijua.

Saini hapa.