Pafu la Kushoto

Mlinzi alimuua kwa jembe nyuma ya ghala la mahindi,
akamleta maabara ndani ya ndoo ya rangi.
"Moma huyu, Mwalimu. Msimshike kichwa.
Hata akifa, meno yake hayajapata habari."

Pini zilikwisha muhula uliopita.
Mwalimu Kashindye akatutuma tukavunje miiba ya mgunga,
tukamlaza chali juu ya ubao wa jikoni,
mwiba huku, mwiba kule,
kama tunaowamba ngoma.

Wembe ukashuka kooni hadi mkiani.
Nyanzala akaziba pua kwa ukosi wa sweta.
Mihayo, ambaye babu yake alicheza na nyoka sikukuu za mavuno,
alibaki mlangoni.
"Kwetu hatuwapasui," alisema. "Tunawaomba radhi."
Mwalimu akamwandikia: amehudhuria.

Mimi ndiye niliyechora.
Moyo, kama kokwa ya zambarau.
Ini refu, la kahawia,
jani la tumbaku lililosahauliwa banini.
Figo moja mbele, moja nyuma,
watu wawili kwenye njia ya mguu, wasiosemeshana.
Tumboni, panya mzima, mkia umekunjwa vizuri,
na ndani ya panya, tulipompasua naye,
mahindi yetu.
Mlinzi, aliyekuwa akichungulia dirishani,
akakumbuka ana kazi getini.

"Pafu," Mwalimu akasema, "moja tu, la kulia.
La kushoto halipo.
Na kwa hilo moja anawinda, anavimba,
anatoa ule mlio mnaoukimbia."

Penseli yangu ikasimama.

Miaka kumi na tisa Baba alichochea moto
kwenye mabani ya Urambo.
Pale Kitete wakamtoa la kushoto.
Sasa hulala ameegemea ukuta,
na usiku pumzi yake hutoka polepole, ndefu, husss,
nami mkekani huvuta shuka hadi masikioni.
Aliyeumwa na nyoka, walisema, akiona ung'ongo hushtuka.
Mimi sijawahi kuumwa.
Nilikuwa namwogopa mtu anayepumua.

Nikachora pafu moja, refu, lililopita moyo, lililopita ini.
Mshale. Jina. Wino wa bluu.
Kushoto nikaacha peupe.

Mwalimu alipopita aliweka kidole pale:
"Hapa umesahau."
"Sijasahau, Mwalimu," nikasema,
nikaanza kung'oa miiba.