Kutia Majira

Vendula ameing'oa plagi ya Jawa ya marehemu.
Anazamisha kipimo tunduni, anazungusha injini kwa mkono
mpaka pistoni ifike kileleni, isite,
kisha anairudisha: milimita tatu, si zaidi.

Theluji ya Moravia imeziba dirisha la karakana.

Kati ya platini amebanisha karatasi ya sigara,
ya mwisho katika pakiti ya Bohumil.
Anaivuta. Imeshikwa.
Anasogeza bamba upana wa unywele.
Anaivuta. Bado.

Cheche itangulie, mzee alizoea kusema,
ikingoja kilele imekwisha chelewa.

Yeye alingoja. Hospitali ilipopiga simu
alikuwa bado anafunga vifungo vya koti.

Karatasi imeteleza, nzima.
Anakaza skrubu
huku ameibana midomoni.